Koti la Darubini ya Jua

Kabla hajaanza kuvisha vyombo vya angani, Mama Pindo alikuwa akivisha watu. Alikuwa na cherehani yake katika duka la ushonaji la mama mkwe wake, chumba kimoja kirefu chenye meza ya kukatia katikati na kioo kilichoegemezwa ukutani, ambacho kila mteja alilalamika kwamba kinamnenepesha. Jina hilo alipewa na mtaa. Suruali ikiburuta chini, sketi ya shule ikizidi magoti, pazia likigusa sakafu, watu walisema, "Peleka kwa Mama Pindo," na jioni unaikuta imepigwa pasi, pindo limenyooka kama limechorwa kwa rula.

Mama mkwe wake, mwenye duka, mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mjane, mwingi wa maneno na mwepesi wa mkono, aliyejipulizia manukato tangu asubuhi hata siku ambayo hakuna mteja aliyetarajiwa. Magauni ya maharusi aliyashona yeye mwenyewe. Yeye ndiye aliyemfundisha mkamwana wake kila alichokijua kuhusu kitambaa, na hakuacha kumkumbusha jambo hilo.

Asubuhi moja aliingia dukani mwanamke kijana aliyevaa raba, amekumbatia mfuko mkubwa kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Aliamkia, akasema yeye ni injinia katika ile maabara ya nyuma ya chuo, kisha akatoa kitu kilichong'aa mpaka Bi Mkubwa akafumba macho. Kilikuwa tabaka juu ya tabaka za nailoni iliyopakwa alumini, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na katikati ya kila tabaka pametandikwa neti laini.

"Hii si neti ya shela?" Bi Mkubwa aliuliza huku akiipapasa.

"Ni ndugu yake, mama," Injinia alijibu akicheka. "Tunaunda darubini ya kulitazama Jua kutoka angani, juu kabisa ya hewa. Hili ndilo koti lake. Tunajua linavyotakiwa kufanya kazi, ila kila tukilishona linachanika. Tunahitaji mtu wa sindano."

"Koti?" Bi Mkubwa alimgeukia mkamwana wake. "Umesikia mambo hayo? Watu wanalifuata Jua, halafu wanataka koti!"

Mama Pindo hakucheka. Alikuwa ameshainua kona moja na kuitazama mishono kwa karibu. Akauliza kwa nini darubini ivae koti. Injinia akavuta kigoda, akaeleza. Huko juu hakuna hewa ya kusambaza joto. Ubavu unaolielekea Jua unachomeka, ubavu wa kivulini unaganda kuliko barafu. Chuma kikitanuka huku na kunywea kule, darubini inajipinda, hata kama ni kwa unene wa unywele, na picha inaharibika. Koti ndilo linalozuia joto lisiingie ovyo wala lisitoke ovyo.

"Nitakuja nijaribu," Mama Pindo alisema.

Bi Mkubwa alinyamaza, na yeye kunyamaza lilikuwa jambo zito. Jioni, wakifunga duka, alisema tu, "Nenda. Ukichoka kuvisha mabati, cherehani yako iko palepale." Lakini kwa wiki nzima alimjibu kwa neno mojamoja, na mwanawe, mume wa Mama Pindo, akawa anakula chakula chake haraka na kutoka nje ili asiulizwe yuko upande wa nani.

*

Koti la kwanza aliloshona Mama Pindo lilikuwa zuri kupindukia, na halikufaa kitu. Alikuwa ameweka mishono midogo, iliyobana, safu mbilimbili, kazi ambayo ingemfanya mwalimu mkuu yeyote amletee sare za shule nzima. Likajaribiwa, likavujisha joto kama dirisha lililoachwa wazi.

Injinia alimwita mezani, akaliweka koti chini ya taa. "Angalia hapa. Umezibana tabaka mpaka zinagusana. Zikigusana, joto linapita kutoka moja hadi nyingine. Na kila tundu la sindano ni mlango."

"Kwa hiyo nishone vibaya?"

"Ushone kwa ulegevu. Mishono michache, mirefu. Tabaka zikae kama watu waliogombana, chumba kimoja lakini hakuna anayemgusa mwenzake."

Mama Pindo alicheka, maana nyumbani kwake wakati huo hali ilikuwa ndiyo hiyo. Lakini kuacha alichokizoea kulimtoa jasho. Vidole vilikuwa na akili yao. Akivigeuzia mgongo tu, vinabana. Alishona na kufumua, akashona na kufumua. Alijifunza kuvaa ovaroli jeupe linalofunika mpaka nywele, glavu, barakoa na vifuniko vya viatu, kwa sababu chumba alichofanyia kazi kilikuwa hakiruhusu hata vumbi la nguo. Alijifunza kusoma michoro. Alijifunza kuuliza, na Injinia hakuwahi kumfanya ajione mjinga kwa kuuliza.

Aliyemfundisha kwa nini kazi yote ile ilifanywa ni Profesa, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akiiota darubini ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mchana mmoja alimkuta Mama Pindo akinywa chai kwenye jiko la maabara, akaegemea mlango.

"Ukisimama karibu na jiko hili unasikia joto," alisema. "Ukirudi nyuma hatua chache?"

"Linapungua."

"Ukirudi nyuma zaidi likaanza kukuunguza kuliko jiko lenyewe?"

"Nitakimbia nikaite watu."

Profesa akatabasamu. "Basi mimi ndiye niliyekimbia kuita watu. Uso wa Jua una joto la nyuzi elfu tano na ushei. Lakini juu yake kuna ukungu mwembamba sana wa gesi, unaoitwa korona, yaani taji. Tuliutazamia uwe wa baridi zaidi kwa kuwa uko mbali zaidi na moto. Kumbe unapita nyuzi milioni. Tunayo makisio ya nini kinachoupasha, makisio mazuri, lakini hatujakubaliana. Mwanga wake mwingi hauonekani kwa macho, na hewa yetu inauzuia usifike chini. Hivyo ni lazima tuufuate juu."

Mama Pindo aliibeba habari hiyo mpaka nyumbani kama kitu cha kupasuka. Alipoisimulia mezani, Bi Mkubwa aliweka kijiko chini.

"Nyuzi milioni!" alisema. "Na wote hao maprofesa wamekuona wewe peke yako uzishone?"

Mume wa Mama Pindo alipaliwa na maji. Bi Mkubwa naye akashindwa kujizuia, akacheka, na tangu siku hiyo maneno yakaanza kurudi nyumbani mle.

*

Darubini ilikamilika, ikavishwa koti lake, ikasukumwa ndani ya pipa kubwa la chuma linaloweza kumeza gari. Pipa likafungwa, hewa yote ikanyonywa, upande mmoja ukachomwa kwa taa kali na mwingine ukapozwa, ili ionekane kama darubini itahimili maisha ya huko iendako. Ilihimili. Koti lilifanya kazi kuliko walivyotarajia, na Injinia alimkumbatia Mama Pindo mbele ya watu.

Furaha ile haikulala. Ndani ya pipa walikuwa wameweka kipande kidogo cha kioo chenye baridi ili kinase mvuke wowote utakaotoka kwenye vitu. Kilipotolewa, kilikuwa na ukungu wa mafuta, hafifu kama pumzi ya mtu kwenye dirisha.

Profesa alikaa kitini. Kwa darubini nyingine ukungu kama ule ungekuwa kero ndogo, lakini hii ilikuwa ya kunasa mwanga wa urujuanimno wa korona, ule usioonekana kwa macho, mwanga unaozuiwa na uchafu mdogo kabisa. Tena, Injinia alimweleza Mama Pindo, mvuke ukishatua kwenye kioo cha darubini na kupigwa na Jua, unagandamana na kuwa kahawia kama mafuta yaliyoungulia kwenye sufuria. Na huko juu hakuna wa kupanda akasugue.

Walivua kila kitu, wakajaribu kila kitu peke yake: nyaya, rangi, skrubu, gundi. Mvuke ulitoka kwenye utepe wa gundi uliofungia kingo za koti. Utepe ule ulikuwa umeletwa na hati safi, na vipande vya mwanzo vilikuwa vimepimwa vikafaulu. Rola hii ya utepe ndiyo iliyokuwa mbovu. Hakuna aliyemlaumu mtu. Mama Pindo alitamani walau mmoja angelaumu. Koti lote lilikuwa halifai. Ilibidi lishonwe jipya, kingo zifungwe kwa uzi badala ya utepe, kwa mkono, na roketi iliyokuwa iibebe setilaiti yenye darubini ilikuwa na abiria wengine, vyombo vya watu wengine, ambao wasingeisubiri darubini moja.

"Unaweza?" Profesa alimuuliza.

"Kushona naweza. Kumaliza peke yangu, siwezi." Akavuta pumzi. "Namjua mtu. Anashona neti kuliko mimi. Lakini nawaambia mapema, anaongea."

*

Bi Mkubwa alikataa. Alikataa kwa urefu, akipima kitambaa cha mteja huku ametia pini mdomoni. Walipomchukua fundi wake hawakumwomba ruhusa. Leo maji yamewafika shingoni ndipo wanamjua? Na duka amwachie nani?

Mama Pindo alimwacha amalize. Kisha akasema, "Mama, mimi sikuondoka kwa kuudharau mkono wako. Kila ninachokifanya kule nakifanya kwa mkono uliounyoosha wewe. Kuna yule mzee, Profesa. Juzi nilimwona amekaa anakitazama kile kioo kichafu kama mtu aliyefiwa. Nikakukumbuka wewe siku gauni la bibi harusi lilipomwagikiwa na chai asubuhi ya harusi."

"Nililishona upya kifua chote," Bi Mkubwa alisema kupitia pini.

"Ulilishona. Nami nilishika kitambaa."

Bi Mkubwa alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini. "Huko kwenu wanaanza kazi saa ngapi?"

Kikwazo kilimkuta mlangoni. Injinia alimwamkia kwa heshima zote, kisha akamweleza masharti ya chumba: hakuna poda, hakuna wanja, hakuna mafuta ya nywele, wala manukato ya aina yoyote, kwa sababu hayo yote ni mvuke.

"Mwanangu," Bi Mkubwa alisema, "mimi sijatoka nyumbani bila manukato tangu siku ya ndoa yangu. Marehemu angenipita njiani asinijue."

"Samahani sana, mama."

Alirudi nyumbani kuoga. Alipofika tena hakuwa na kitu usoni, nywele amezifunga, na Mama Pindo, aliyekuwa akimsaidia kuvaa ovaroli, aliona kwa mara ya kwanza kwamba mama mkwe wake amekuwa mzee. Alimfunga vizuri barakoa nyuma ya masikio.

"Sasa hilo taji lenu linaitwaje vile?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Korona."

"Korona!" Akaishika barakoa yake. "Ndiyo maana!"

Injinia alicheka mpaka ikabidi atoke nje, ajipanguse machozi, na kubadilisha glavu.

Walifanya kazi wakikabiliana pande mbili za meza, tangu asubuhi mpaka jua linapoanza kushuka. Bi Mkubwa alishika mambo upesi. Kile kilichomsumbua sana Mama Pindo, ule ulegevu wa mishono, kwake kilikuja chenyewe, kwani shela nayo haitaki kubanwa. Ndani ya barakoa alisimulia habari za mtaa mzima, nani kaachana na nani, mpaka hata Profesa akaanza kupata sababu za kupita dirishani na kutega sikio.

Sindano zilikuwa zikihesabiwa kila zinapotoka na kila zinaporudi. Koti likiwa limebakiza ubavu mmoja, mwisho wa siku, Bi Mkubwa alikatiza ghafla habari ya jirani aliyokuwa akiisimulia. Alitazama mto wake wa sindano, akatazama meza, akatazama sakafu. Angeweza kuchukua nyingine kutoka kwenye boksi na hakuna ambaye angejua kitu mpaka kesho.

"Imepungua moja," alisema. "Ni yangu."

Walitafuta kila mahali. Haikuwa mezani wala chini wala kwenye mikunjo ya nguo zao. Injinia alisema kile ambacho wote walikuwa wanakijua: chombo cha kunusia chuma kisingesaidia, kwani koti lote lina alumini na kingelia kila kinapopitishwa. Na sindano iliyosahaulika ndani ya koti, roketi ikitikisika, ingeweza kutoboa nyaya au kuangukia mahali ambapo umeme ungeruka.

"Paneli gani ulishona leo, Mama?" Mama Pindo aliuliza.

Bi Mkubwa aliionyesha. Kati ya paneli zote zilizounganishwa kuwa koti, ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi, ile yenye tundu la mdomo wa darubini, kazi ya siku nyingi. "Nimewaharibia," alisema kwa sauti ambayo mkamwana wake hakuwahi kuisikia. "Macho haya. Ningebaki dukani kwangu."

Mama Pindo alizunguka meza. Chumbani mle watu hawakushikana ovyo, lakini alimshika mkono, glavu juu ya glavu. "Ungenyamaza ndiyo ungetuharibia. Keti. Shika ukingo huu, mimi nafumua."

Alifumua mshono baada ya mshono, polepole, kwani nailoni ile ikichanika haishoneki tena. Bi Mkubwa alishika ukingo bila kuuachia. Tabaka zikafunuliwa kama kurasa. Sindano ilikuwa karibu na ya mwisho, imelala kwenye neti, inameremeta kidogo tu. Profesa, aliyekuwa amesimama nyuma ya kioo muda wote, aliweka paji la uso wake kwenye dirisha akafumba macho.

Kesho yake walianza paneli ile upya, na Bi Mkubwa akaisimulia upya ile habari ya jirani aliyeolewa na mdogo wa mumewe wa zamani, mahali palepale alipokuwa ameiachia.

Koti lilimalizika. Lilirudi pipani, likachomwa, likapozwa. Kile kipande cha kioo kilipotolewa, Injinia alikishika dhidi ya mwanga, akakigeuza, akakigeuza tena, kisha akampa Profesa, na Profesa akampa Mama Pindo. Kilikuwa safi kama maji.

*

Roketi iliondoka salama. Hata hivyo, mlango mdogo wa darubini haukufunguliwa mara moja. Waliuacha umefungwa kwa majuma kadhaa ili mvuke wowote uliosalia upotelee angani kwanza. Majuma hayo Mama Pindo alirudi dukani, akashona mapindo, akasikia kila mteja akimwambia amekonda.

Siku ya kufungua, Profesa alituma gari liwachukue wote wawili. Chumba kilikuwa kimejaa watu na kompyuta. Amri ikatumwa, mlango ukafunguka, wakangoja. Kisha picha ya kwanza ikaanza kushuka kwenye skrini, mstari kwa mstari.

Katika mwanga ule usioonekana kwa macho, Jua lenyewe halikung'aa kama wanavyolijua watu. Lilikuwa duara la giza lenye mabaka. Lakini kutoka ukingoni mwake yalipanda matao, mengine membamba, mengine mapana, yakiinuka kutoka doa moja na kutua kwenye doa jingine, na kila tao lilikuwa na nyuzinyuzi nyingi zilizopangana pasipo kugusana. Juu zaidi yakafifia, yakawa ukungu unaopepea. Mama Pindo alijikuta ameziba mdomo kwa mikono miwili. Hakuwa amefikiria kwamba litakuwa zuri. Alikuwa amefikiria mishono, joto na mvuke, na huku kitu hiki kilikuwapo siku zote juu ya kichwa chake, kila alipoanika nguo.

"Mwanga unaoingia ni uleule tuliopima hapa chini," Injinia alisema, akisoma tarakimu. "Kioo hakijapoteza chochote. Chochote kabisa."

Profesa hakuitazama skrini tena. Alikuwa ametoa kitambaa anajifuta macho, na Bi Mkubwa, aliyekuja amevaa gauni lake zuri kuliko yote, alimsogelea.

"Mzee," alimwambia, "huyo aliyemshonea huyo Jua hayo matao, mkono wake si wa mchezo."

"Si wa mchezo, mama," Profesa alisema. "Na sasa ndiyo nitaanza kujua kazi yake anaifanyaje."

Darubini ile ilifanya kazi kwa miaka mingi kuliko iliyokusudiwa. Iliona matao yakikatika na kujiunga upya, ikaona Jua likirusha mawingu ya gesi yenye uzito wa milima, na mara kadhaa picha zake ziliwasaidia wenye setilaiti na mitambo ya umeme kujiandaa mapema kabla mawingu hayo hayajafika duniani na kuwavurugia kazi. Swali la Profesa halikujibiwa lote, ila makisio mawili kati ya yale aliyokuwa nayo aliyatupa mwenyewe, kwa furaha, na moja kati ya hayo alikuwa amelibuni yeye mwenyewe.

Mama Pindo alibaki maabara. Wanaosoma uinjinia hupitishwa kwenye meza yake, na kazi ya kwanza anayowapa ni kushona koti dogo, kisha kulifumua bila kulichana. Wengi hukasirika. Anawaacha wakasirike. Bi Mkubwa aliishi kuona koti la darubini ya tatu, ingawa hilo hakulishona. Macho yalikuwa yamechoka. Alikuja kukaa kwenye benchi upande wa pili wa dirisha, akigonga kioo kwa pete yake kila alipoona mtu anavuta uzi kwa nguvu.

Sasa hivi mezani kuna mchoro mpya, wa chombo kitakacholikaribia Jua zaidi kuliko vyote walivyowahi kuvivisha, na Injinia, ambaye siku hizi ndiye mkuu wa maabara, anasema kitambaa chake bado hakijapatikana. Mama Pindo amekwisha agiza sampuli za aina kadhaa, nazo zimefika. Leo asubuhi amekunja mikono ya ovaroli, ameanza kuzikata.